Chungu Tulichokiita Mvivu

Siku yangu ya kwanza kazini niliwamwagia kuku vitunguu vya pilau ya watu arobaini.

Nalisema hili mapema, wadogo zangu wa jikoni kule Gitega, kwa sababu siku ya kuniaga mlinipa daftari hili mkasema, "Mama Domi, tuandikie unavyopika vile vitunguu vyako." Mlitaka kipimo cha mafuta na idadi ya saa. Vitakuja. Lakini mjue kwanza kwamba anayewafundisha alianzia chini kuliko ninyi nyote, hata yule mwenzenu aliyetia sukari kwenye maharage ya semina, ambaye simtaji kwa kuwa anajijua.

Ilikuwa hivi. Niliingia jikoni nikakuta sufuria juu ya mbabura, lile jiko letu la makaa, na ndani yake kitu cha kahawia, laini, kinachong'aa kama udongo wa njia ya Gasorwe baada ya mvua. Nilikokulia mimi, kitunguu kilikuwa cheupe au hakikuwepo. Cha rangi ile kilikuwa kimeungua. Mwenye jiko alikuwa amekwenda kuswali. Nikasema moyoni, Domitila, hapa ndipo pa kuonyesha bidii. Nikavimwaga vyote nyuma ya nyumba, kuku wakaja mbio, na mimi nikaisugua sufuria kwa majivu na mchanga mpaka nikaiona sura yangu ndani yake. Sura yenyewe ilikuwa inatabasamu.

Kuku walikula kazi ya asubuhi nzima kwa muda wa kufunga kamba ya kiatu. Walipomaliza walibaki wamesimama wakinitazama, kama wageni wanaongoja sahani ya pili.

Mtauliza, mpishi gani huyo asiyejua kitunguu? Basi nirudi nyuma kidogo.

Nilivuka mpaka kutoka ukimbizini Tanzania kurudi Burundi, amani ilipokuja, nikiwa na miaka thelathini na minane. Nilikuwa na mama yangu, magodoro mawili, blanketi moja, na cheti cha sekondari nilichokishona ndani ya mto kisije kikalowa. Mume sikuja naye. Alibaki upande wa pili, na kwa nilivyosikia hakubaki peke yake. Mama alipokelewa na kaka yake huko Gasorwe, kwenye kilima ambacho yeye alikikumbuka jiwe kwa jiwe, na mimi sikujua hata njia ya kwenda kuteka maji. Nilijaribu kulima. Baada ya msimu mmoja mjomba alinishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akakitazama kama mtu anayesoma barua ya msiba, akasema kwa upole, "Mpwa wangu, wewe nenda mjini."

Nikaenda Muyinga mjini. Si mbali, lakini nililia njia nzima. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikishalala mahali usiku tatu, mahali pale ni kwetu, na kunitoa ni kama kung'oa mgomba na mizizi yake. Maisha yamenihamisha mara nne, na kila mara nimepiga kelele.

Mjini palikuwa na nyumba ya wageni ya Mzee Rajabu, vyumba sita na jiko uani, na pilau ya Ijumaa iliyowaleta watu kutoka sokoni, kutoka msikitini, hata wenye baiskeli waliotoka Giteranyi na mizigo yao. Nilimkuta Mzee amekaa barazani na jirani yake Hadija, fundi wa cherehani, aliyekuwa ameegesha mashine yake kwenye ukuta wa baraza ile.

"Unatoka wapi, mama?" akaniuliza.

"Gasorwe, Mzee. Ila nimekulia Tanzania."

"Sema tena."

"Nimekulia Tanzania."

Akamgeukia Hadija. "Umesikia Kiswahili hiyo? Hiyo ni Kiswahili ya mtu anajua pilau!"

"Pilau?" nikasema.

"Unaona? Hata jina anaitamka vizuri."

Hadija alinitazama juu ya sindano, toka kichwani mpaka kwenye kandambili. Hapo ndipo ilinipasa kusema kweli. Pilau nilikuwa nimeila mara mbili maishani, zote nikiwa nimesimama, kwenye harusi za watu ambao hawakunialika. Lakini siku zile watu wa mjini waliamini kwamba kila aliyerudi kutoka Tanzania alizaliwa na iliki mfukoni, na sisi tuliorudi tuliwaacha waamini. Njaa haisahihishi mtu. Nikasema, "Nitajitahidi, Mzee," na Mzee akaona ni unyenyekevu.

Sasa turudi kwa kuku.

Mama Zuhura alirudi kutoka kwenye swala. Ndiye aliyekuwa mpishi tangu enzi za baba yake Mzee Rajabu: mrefu, mkavu, amepita sitini, na mikono yake kuanzia vidoleni mpaka kwenye vifundo ilikuwa na makovu ya moto, mengine ya zamani, mengine ya juzi. Akaketi kwenye kigoda chake, akanyoosha mkono.

"Sufuria yangu iko wapi?"

Ilikuwa mbele yake, shubiri moja kutoka magotini, inang'aa kama mwezi.

"Hiyo hapo, mama."

"Hapo wapi?"

"Mbele yako."

Mkono ukapita kushoto, ukarudi, ukagonga ukingo. Akakipitisha kidole ndani, taratibu, duara zima, kikatoka kikavu.

"Vitunguu?"

"Viliungua, mama. Nimevitupa."

"Viliungua." Akavuta hewa puani. "Mi nilikuwa pale uani. Pua yangu haikuambiwa kama kuna kitu imeungua. Ilikuwa inabakiza kidogo sana tu iive." Kisha kila mmoja wetu akawa anapiga hesabu yake kichwani.

"We haujui kupika," akasema.

"Na wewe huoni," nikasema. Sikupanga kulisema. Lilitoka tu, kama chafya.

Akainuka, akahesabu hatua nne, akafunga mlango. "Nani mwengine anajua?"

"Hakuna. Nimejua sasa hivi."

"Na ya kwako, nani anajua?"

"Wewe tu. Na kuku."

Hapo alicheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko mwili. Akaketi tena. "Bon. Chukua kisu. Kata vitunguu, kilo tano. Na leo utalia kabisa, sababu ni haki yako."

Baadaye, tukiwa tumezoeana, alinieleza alichokuwa anakiogopa. Alikuwa na mtoto wa kiume Giteranyi, mtu mwema, mwenye mke mwema zaidi, na wote wawili waliamini kwamba mama mzee anakalishwa kwenye kiti kivulini na kuletewa uji. "Siku Mzee Rajabu anajua kama sioni, atanipeleka kule kwa heshima, na gari, na zawadi," alisema. "Na mi nitakufa na uji. Si leo, si kesho. Polepole, kijiko kwa kijiko." Jiko lile ndilo lililokuwa maisha yake. Asingekuwa nalo, angekuwa nani?

Basi tukawa mpishi mmoja mwenye miili miwili. Mimi macho, yeye vingine vyote. Mzee Rajabu akitokea mlangoni, mimi napaza sauti, "Karibu Mzee!" ili Mama Zuhura ajue ageukie wapi. Mgeni akisifu pilau, yeye ananyoosha mkono kwangu, "Ni huyu Mtanzania," ili nisiulizwe kitu kwa kuwa nimeshasifiwa. Na jikoni hakuna kilichosogezwa hata upana wa kidole. Chumvi kushoto, mwiko kwenye msumari, kisu makali yakitazama ukuta. Mlinong'ona sana kule Gitega kwamba Mama Domi ana wazimu wa mwiko. Sasa mnajua wazimu huo niliuambukizwa wapi.

Vitunguu alinifundisha nikiwa nimefungwa kitambaa machoni. "Hii kazi haiko ya macho," alisema. "Macho inadanganya. Taa ikiwa mbaya, kila kitu inaonekana imeiva." Kitunguu kinachopikwa polepole, alisema, kina harufu nne. Ya kwanza ni ya kilio, inapanda puani na machozi yanakuja. Ya pili ni ya kabichi iliyochemshwa, hiyo haina sifa, na hapo ndipo wapishi wengi wanakata tamaa na kuongeza moto. Ya tatu ni ya shimo la ndizi. Kwa mjomba Gasorwe nilishawahi kuliona, lile wanaloliita urwina: unachimba, unaliwasha moto kidogo lipate joto, unalitandika majani makavu ya mgomba, unazika ndizi mbichi za pombe, na siku ukilifunua inapanda harufu tamu, nzito, yenye joto, mpaka unaona kama umelewa kabla ya pombe kupatikana. Mama Zuhura hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, lakini alikaa miaka arobaini jirani na watu walioipika. "Pua haina dini," alisema.

Ya nne ni ya kahawa inapoanza kukaangwa. Hiyo ikigusa pua tu, unaipua. Ukingoja uisikie mara ya pili, waite kuku.

Ilinichukua mwaka mzima. Siandiki kwamba nilikuwa na kipaji. Niliunguza, nikaongopa, nikasugua sufuria.

Halafu kikaja chungu.

Mzee Rajabu alikuwa amesafiri kwenye biashara zake, akarudi na kisanduku amekipakata mwenyewe kama mtoto. Ndani mlikuwa na bakuli zito la kauri, rangi ya maharage, lililokaa ndani ya koti la bati lenye waya wa umeme, na mfuniko wa kioo. Chini kulikuwa na kitufe cha kuzungusha chenye alama mbili: nukta moja kwa moto mdogo, nukta mbili kwa moto mdogo wenye haraka kidogo. Karatasi ya maelezo ilikuwa kwa lugha sita, hakuna hata moja kati ya zetu.

"Hii inapika yenyewe," Mzee akatangaza. "Unaweka asubuhi, unatoa jioni. Haiunguzi. Mama Zuhura hatagusa tena makaa."

Kisu cha Mama Zuhura kikasimama katikati ya kitunguu.

"Wiki mbili ijayo binti ya dada yangu anaolewa," Mzee akaendelea, amefurahi. "Vitunguu ya harusi tutapika na hii. Ikiweza harusi, makaa kwisha."

Alipotoka, Mama Zuhura alisema neno moja tu. "Giteranyi."

Nami niliona vilevile. Chungu kinachopika chenyewe hakihitaji pua ya mtu. Kwa hiyo tulikichukia papo hapo, na nikakipa jina la Mvivu, kwa kuwa kiliwashwa saa moja asubuhi na mpaka saa nne kilikuwa bado hakijaamka vizuri. Tulikubaliana kwamba kitashindwa. Sisi hatungekiharibu, hapana, tulikuwa watu waaminifu. Tungekiacha tu kijiharibu.

Mara ya kwanza hatukuhitaji kukiombea mabaya. Nilikijaza vitunguu, nikaona ni chungu, na chungu bila maji kinapasuka, kila mtu anajua. Nikatia maji vikombe vinne. Jioni tulikuwa na supu. Mama Zuhura alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile, lakini Mzee Rajabu aliinywa na mkate mabakuli mawili, akasema ni supu nzuri sana, tujaribu tena.

Mara ya pili aliharibu yeye mwenyewe. Alikuwa na hamu ya kuona uchawi, akawa anakuja kila baada ya muda mfupi kufunua mfuniko. Mvivu akifunuliwa anapoteza joto lote, na kulirudisha ni kazi ya nusu saa. Mpaka magharibi vitunguu vilikuwa vyeupe, vimelegea, kama wagonjwa waliotembelewa na wageni wengi mno.

Mara ya tatu ilikuwa ya kweli, siku moja kabla ya harusi. Nilikata vitunguu vyekundu, wadogo zangu, vile vya shingo kavu, kwa kufuata mistari yake kutoka kichwani kwenda kwenye mizizi, maana ukikikata kwa mduara kinayeyuka na kuwa uji. Nikakijaza chungu mpaka ukingoni, kwa kuwa vitashuka mpaka robo. Mafuta vijiko vitatu vikubwa, chumvi kijiko kidogo. Maji hakuna. Nukta moja. Mzee alikuwa amekwenda Gashoho kuchukua mbuzi wa karamu, kwa hiyo mfuniko ulipumzika.

Saa sita mchana, harufu ikiwa palepale kwenye kabichi, umeme ukakatika.

Tulikaa tukikisikiliza chungu kikinyamaza. Nikasema, "Mama, Mungu amejibu." Na kweli niliona hivyo. Tungekaa tu mikono mapajani. Vitunguu vingepoa, vingechacha, Mzee angerudi akaona kwamba chungu cha umeme ni rafiki wa watu wenye umeme, na siku inayofuata alfajiri tungewasha makaa, kama zamani, na hakuna mtu angepelekwa popote.

Mama Zuhura alinyoosha mkono akaugusa mfuniko, akauacha pale, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Ni vitunguu ya bibi harusi," akasema.

"Ni ya Giteranyi," nikasema.

"Mi najua ni ya nini. Lakini vitunguu haikunikosea kitu." Akainuka. "We kaa unazubaa? Leta kapu kubwa. Leta majani makavu ya mgomba, yote iko nyuma kwa jirani. Weka mawe mawili kwa makaa, ipate moto. Tunafanya kama shimo la ndizi."

Nilikimbia. Tuliyaweka mawe ya moto ndani ya kapu, chini kabisa, juu yake majani mengi, kauri isije ikapasuka, tukalitoa bakuli ndani ya koti lake, tukalizika katikati na mfuniko wake, majani pembeni, majani juu, kisha blanketi langu mwenyewe, lile nililovuka nalo mpaka. Hadija alikuja kuchungulia, pini mdomoni.

"Munazika nani?" akauliza.

"Mvivu," nikasema.

"Ameacha watoto?"

Mama Zuhura alikaa ubavuni mwa kapu lile muda wote, pua karibu na blanketi. Mara mbili alinituma kubadilisha mawe. Umeme uliporudi ilikuwa saa tisa na bakuli lilikuwa bado linaunguza vidole. Tukalirudisha kwenye koti lake, na hapo akaniambia nilaze mwiko juu ya bakuli, mfuniko nao uegemee mwiko, mvuke upate mlango. Hilo hakufundishwa na karatasi ya lugha sita. Alisikia tu kwamba maji yalikuwa mengi. Vitunguu vinatoa maji yake vyenyewe, na yasipotoka, rangi haiji.

Ilipokaribia magharibi harufu ya ndizi ilitoka jikoni, ikapita uani, ikafika barabarani. Watu walipunguza mwendo. Mama Zuhura hakutikisika. Nilikuwa nimeshika kitufe, nangoja. Akainua kidole kimoja. Nikavuta hewa na mimi, na kwa mara ya kwanza tuliisikia pamoja, kahawa, kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha.

"Zima," tukasema wote wawili.

Mzee Rajabu aliingia na vumbi la Gashoho viatuni. Akafunua, akaonja na kijiko, akafumba macho. Nilimtazama nikijua kwamba tumejimaliza wenyewe.

"Kumbe chungu inaweza," akasema.

Mama Zuhura alikuwa amekaa wima kwenye kigoda, mikono mapajani, amegeukia sauti ilikotoka.

"Lakini inaonekana inataka mtu wa kukaa nayo," Mzee akasema. "Mama, utakaa nayo?"

"Mi niko na kazi gani ingine?" akajibu, kwa ukali, kama aliyetukanwa. Mzee alipotoka tu, akakisogeza kigoda chake karibu na chungu.

Alikaa nayo miaka tisa. Kigoda chake kilikuwa ubavuni mwa Mvivu, na mimi upande wa pili na kisu. Makaa yakawa kazi yangu, na mikono yake ikapona, ikawa laini kama ya bibi wa mjini. Alipofariki, alifariki Muyinga, nyumba ya pili kutoka jikoni, akiwa amekula wali. Uji hakuwahi kuletewa.

Kwa miaka yote hiyo sikumwambia mtu siri yake, wala yeye hakumwambia mtu yangu. Wadogo zangu, mtu akiniuliza nilifanikiwa nini kazini, nasema hilo. Kupika kila mtu anapika.

Mzee Rajabu naye alipofariki, watoto wake wakaifanya nyumba ya wageni kuwa duka la mabati na misumari. Mimi wakanipa chungu. Nikaja kwenu Gitega, kwenye nyumba ya semina, nikilia kwenye basi na Mvivu mapajani, na abiria wa pembeni akaniuliza kama ni marehemu. Mengine mnayajua. Gitega kuna baridi, jiko lenu lilikuwa kubwa kama uwanja, na wiki ya kwanza nililala nimeelekea Muyinga. Maharage yenu yalikuwa mazuri lakini hayakuwa na mtu wa kuyaongoza. Kijiko kimoja cha vitunguu vya Mvivu kwa kila sufuria, dakika kumi kabla ya kuipua, basi. Mkurugenzi wetu, Mungu ambariki, aliniita ofisini akaniomba nisipike vitunguu asubuhi wakati wa mafunzo, kwa kuwa washiriki wote walikuwa wanaomba ruhusa ya kwenda chooni na choo kilikuwa upande mwingine kabisa. Nikahamisha saa. Hicho ndicho cheo nilichowahi kupewa ninachokikumbuka: mtu aliyeombwa aache kunukia.

Kipimo mlichokitaka ni kile nilichoandika cha vitunguu vya harusi. Nukta moja, kwa muda wa saa kumi. Mfuniko usifunuliwe kabla ya saa ya tano. Kuanzia ya saba uegemee mwiko. Umeme ukikatika, msinipigie simu, mnajua la kufanya. Na mmoja wenu ajifunge kitambaa machoni walau mara moja kwa wiki. Najua mtacheka. Chekeni mkiwa mmefungwa.

Sasa nimerudi Muyinga, kwenye chumba na ua mdogo, na sina mpango wa kutoka tena mpaka nibebwe. Hadija bado yuko, ng'ambo ya ua, na cherehani ileile. Amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Leo asubuhi niliwasha Mvivu, nikaketi mlangoni na daftari hili, na kwa kuwa mambo haya sijawahi kumwambia mtu, nikaona nimsomee yeye kwanza kabla ya kulituma Gitega. Nilisoma kwa sauti ya heshima. Nilipofika kwenye mlango uliofungwa na siri zetu mbili nilisimama kidogo, nimpe nafasi ya kushangaa. Hakushangaa. Nikaendelea mpaka mwisho, mpaka kwenye miaka ya kunyamaza.

Hadija akatoa mguu kwenye cherehani, akanitazama juu ya miwani yote miwili.

"Eh, Domi, mpaka leo we uko mjinga tu? Mzee Rajabu ndo alituambia kama mama haoni, akakataza mtu yeyote asiseme. Ile chungu alinunua juu ya mikono ya mama, asiendelee kuungua na makaa, na nyinyi mukaipiga vita! Na wewe kama haujui kupika, kartiye yote, mtaa nzima, ilijua toka siku ya kuku. Mwenye macho hakujuaka kupika, mwenye kujua hakukuwa na macho, na sisi tulikuwa na njaa. Tungesema nini?"